Mguu wa Nguzo

Mwizi aliyeingia katika baa ya Mganda wa Ngano hakugusa pombe. Hakugusa kasha la mauzo, wala vikombe vya ushindi wa mchezo wa vishale vilivyopangwa juu ya rafu. Aliiba futi mbili za mti.

Inspekta Judith Garrod alichuchumaa sakafuni akalitazama pengo. Nguzo kuu ya baa, mwaloni mnene usiokumbatika kwa mkono mmoja, ilikuwa imekatwa kwa msumeno juu kidogo ya goti, na mguu wake wote umetoweka. Utepe wa polisi mlangoni ulikuwa umefunguliwa, kisha ukafungwa tena kwa fundo safi kuliko lile walilofunga polisi wenyewe.

"Mtu anaiba mguu wa nguzo wa nini, afande?" Sajini Pryke aliuliza. Alikuwa amekwisha kugonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango, kama kila mtu mrefu aliyepata kuingia humo, na sauti yake ilikuwa ya kulalamika. "Kuni?"

"Si kuni," Garrod alisema. "Kielelezo."

Ilikuwa Jumatatu ya Novemba, siku tatu kabla ya kikao cha hakimu wa uchunguzi wa vifo. Wiki tano nyuma, katika karamu ya mavuno, boriti kubwa ya dari ilichomoka ikamwangukia mwenye baa, Rowland Thurlow, akiwa amebeba sinia la nyama ya kuoka. Alikufa kabla gari la wagonjwa halijafika kijijini Wickering. Siku chache kabla ya karamu, mkewe, Hester, alikuwa ameagiza kinguzo kimoja kilichosimama karibu na kaunta kiondolewe ili wapiga muziki wapate nafasi. Rowland alimwomba angoje mpaka baridi iishe. Hakungoja.

Kijiji hakikuhitaji mahakama kumhukumu Hester, na Garrod alikuwa amekisaidia. Kesho yake baada ya kifo alimhoji Hester saa sita mfululizo, sweta ya Hester bado ina damu ya mumewe kwenye mikono, kisha akaandika katika ripoti ya kwanza kwamba chanzo cha kifo ni kuondolewa kwa nguzo kwa amri ya mke wa marehemu. Hakuwa mtaalamu wa majengo. Alikuwa na haraka tu. Sentensi hiyo ilivuja, ikashuka kijijini, na tangu hapo watu walimpisha Hester njiani kama mwenye ndui. Garrod aliijutia kila alipoamka, lakini majuto hayafuti wino. Sasa mwendesha mashtaka alikuwa akiingoja Alhamisi aamue kama amshtaki Hester kwa kuua bila kukusudia.

Bi Imogen Voss, mtaalamu wa majengo ya kale, alikuwa ameletwa asubuhi hiyo kuufungua mguu huo na kuukagua. Hakujisumbua kuficha hasira zake.

"Jibu lote lilikuwa hapa," alisema, akilionyesha pengo kwa penseli. "Kama mguu ulikuwa mzima, nguzo haina kosa, na lawama inabaki kwa kile kinguzo. Kama ulikuwa umeoza, basi nguzo ilizama, ulimi wa boriti ukachomoka kwenye tundu lake, na kinguzo hakihusiki. Kwa nje ulionekana mzima. Ndani sasa hatutajua."

"Kwa hiyo aliyeiba anaogopa mojawapo."

"Hiyo ni kazi yako. Mimi nitakuonyesha kitu kingine. Tazama juu."

Garrod alitazama. Mganda wa Ngano ulijengwa kama watu wenye akili walivyojenga zamani: miti imara, fito katikati, udongo uliokandwa kwa mavi ya ng'ombe na nywele za farasi, chokaa juu yake, na paa la mabua ya ngano. Kwa miaka mia tano waezekaji walikuwa wakiweka ezeko jipya juu ya la zamani, hata paa likawa na uzito wa lori lililosheheni. Madirisha yalikaa upande, na hapakuwa na mlango uliokuwa mraba. Lakini nyumba ilisimama, kwa kuwa kila mti ulimshika mwenziwe kwa vigingi vya mti, bila msumari. Uzito wote wa upande wa mashariki uliteremka kwenye nguzo hii moja.

"Ameukata mguu wake," Voss alisema, "na paa halijashuka hata unene wa ukucha."

Hapo ndipo Garrod alipozitazama gadi. Alikuwa ameziona tangu alipoingia, akadhani ni za zimamoto. Zilikuwa mbili, mihimili minene iliyoegemezwa mshazari, ikiishika nguzo kutoka pande mbili. Chini ya kila gadi palikuwa na bamba la jiwe, na juu ya bamba kabari mbili zilizopishanishwa zikakazwa taratibu kwa nyundo ya mti.

"Mwizi katia gadi?" Pryke aliuliza.

"Katia gadi kwanza, ndipo akakata. Hiyo ni kazi ya saa nzima ya ziada, na ni kazi nzuri kuliko ambayo ningeifanya mimi. Mwizi wa kawaida angekata tu, na mngemkuta hapa chini ya nyasi."

Mpiga picha za alama za vidole hakupata kitu. Kila mahali palikuwa pamepanguswa. Lakini Voss aliinama karibu na mkato akaonyesha mikwaruzo mipya juu ya mti mkongwe: mistari miwili iliyosimama, na mkia mdogo ukipinda kushoto. Alieleza kwamba mafundi seremala wakifungua nyumba hutia alama kila kipande, na mwenziwe alama ile ile, ili siku ya kurudisha kila kitu kijue kwao.

"Mwizi aliyekusudia kurudisha?" Garrod aliuliza.

"Au ambaye mkono wake haujui kukata bila kutia alama. Mazoea yana taabu, Inspekta."

Nyumba iliyopakana na baa, ukuta kwa ukuta, ilikuwa ya mama yake Rowland. Winifred Thurlow alikuwa na miaka themanini na minne, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili kitandani kwa ugonjwa wa nyonga. Kitanda chake kilisogezwa karibu na dirisha, na juu ya shali yake bado palikuwa na ua jekundu la karatasi la Siku ya Kumbukumbu ya waliokufa vitani.

"Nilisikia msumeno," alisema. "Jana, Jumapili."

"Saa ngapi?"

"Saa nne na nusu hivi. Kila mtu alikuwa kwenye mnara wa mashujaa. Nikadhani ni watu wenu."

"Sisi tulikuwa kwenye gwaride, mama."

"Polisi nimewaona wakifanya mengi."

Garrod aliimeza hiyo. "Uliendelea mpaka lini?"

"Ulikoma saa tano kamili, kengele ilipopiga. Dakika mbili, kimya. Tarumbeta ilipolia ukaanza tena."

Pryke aliacha kuandika. "Mwizi alinyamaza dakika mbili za mashujaa?"

"Kaka yangu yumo kwenye jiwe lile, kijana. Dakika hizo nazihesabu tangu nikiwa na meno ya utoto. Zilikuwa mbili." Bibi alivuta shali. "Mkimpata mwambieni nimemheshimu. Si kijana huyo. Kijana angeendelea kukata."

Garrod alimuuliza kama Hester hupita kumjulia hali. Bibi aligeuza uso dirishani. Alisema Hester hajafika tangu mazishi, na asifike. Mwanawe aliomba jambo moja dogo tu, kungojwa.

Garrod alitoka nje. Yeye mwenyewe alikuwepo kwenye mnara jana, amevaa sare. Alimwona Hester akiweka shada la maua kwa niaba ya baba yake, Mzee Amos Rix, ambaye jina la baba yake limechongwa kwenye jiwe na ambaye hajawahi kukosa siku hiyo. Mzee anaumwa kifua, Hester alisema. Aliporudi mahali pake, watu waliacha nafasi kushoto kwake na kulia kwake. Garrod alikuwa safu ya pili. Angeweza kusogea mbele akaijaza nafasi moja. Hakusogea.

Kanisa lilikuwa hatua chache kutoka hapo, na ukumbi wa mlango wake wa miti ulitengenezwa upya na Mzee Rix miaka kumi na miwili iliyopita. Watu wote wa Wickering walijua hilo, maana hakuacha kuwaambia. Garrod alisimama chini ya viungo vyake, akatoa kurunzi. Alama zilikuwa pale, moja kwa kila kiungo. Kila moja ilikuwa na mkia mdogo unaopinda kushoto.

"Baba yake," Pryke alisema. Alikuwa kijana wa moyo laini, na ilimwia vigumu kuufurahia ugunduzi huo. "Aliogopa mguu ukutwe mzima, mwanawe afungwe. Damu nzito kuliko maji, afande."

"Ndivyo inavyoonekana."

"Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Ila nisingejua kutia gadi."

Garrod hakucheka. Njiani aliwaza namna ya kuiandika ripoti ili imwumize mzee kwa uchache. Alikuwa na deni kwa familia ile, deni la sentensi moja.

Mzee Amos Rix alikuwa na miaka sabini na saba, mabega mapana bado, na vidole vilivyovimba viungo. Kwa miaka arobaini alikuwa amewafundisha vijana wa wilaya nzima useremala wa nyumba za kale. Hester alikuwa akiishi kwake tangu baa ifungwe. Aliwafungulia polisi, akaisoma hati ya upekuzi mara mbili, kisha akaenda jikoni akawamiminia chai na kuteleka maji mengine, kwa sababu hakujua la kufanya lingine. Makonstebo wawili walielekea kwenye karakana nyuma ya nyumba. Garrod na Pryke waliketi na mzee kwenye meza ya humo jikoni.

"Mzee Rix, jana saa nne na nusu asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Kifua."

"Kuna mtu alikuona?"

"Nikiumwa kifua huwa sialiki watu."

"Una misumeno?"

"Kumi na saba. Unautaka upi?"

"Ule uliotumika kwenye Mganda wa Ngano."

"Kwenye Mganda wa Ngano imetumika misumeno tangu enzi za wafalme ambao hata shuleni hamkufundishwa." Alimimina maziwa kwenye chai, mkono wake ukiwa mtulivu. "Itabidi uulize makaburini."

Pryke aliinamisha kichwa afiche tabasamu. Garrod alikoroga chai yake. Alilokusudia kulifanya lilikuwa la ujanja, na hakulipenda, lakini alilifanya.

"Huyo mwizi katia gadi mbili. Bi Voss amezikagua. Anasema kabari ni fupi mno, kazi ya mtu asiyejua."

"Fupi?" Mzee aliinua kichwa. "Inchi tisa, mzigo ule, fupi? Huyo Voss amewahi kupandisha paa lini?"

Hakuna aliyekuwa amemtajia inchi tisa. Birika lililia, na Hester alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliliepua, akaliweka chini, akaja kusimama nyuma ya kiti cha baba yake.

"Andika ni mimi," alimwambia Pryke. "Mimi ndiye niliyemtuma."

"Hester, keti," Garrod alisema.

"Sikai. Mzee wa umri huu mtampeleka wapi? Nimesema nilimtuma." Alipoona Pryke haandiki, aliiweka mikono yake juu ya mabega ya mzee. Sauti yake ikashuka. "Baba, hukutakiwa kufanya hivi. Kosa ni langu. Rowland aliniambia ningoje, nikamwambia yeye kila jambo ni kungoja. Hilo ndilo neno la mwisho la maana nililomwambia. Niache nilibebe mwenyewe."

Mzee alikuwa akiitazama chai.

"Lakini asante," Hester alisema, akainama akambusu kwenye upara. "Kijiji kizima, na ni wewe tu uliyebaki upande wangu."

Garrod aligeukia dirisha. Hakuwa mtu wa machozi, lakini aliona haya kukaa pale na kitabu cha maelezo. Kesi ingeweza kuishia hapo, kwa baba aliyeiba kwa kumpenda mwanawe, na kila mtu angeiamini, na wa kwanza angekuwa yeye.

"Usinishukuru," mzee alisema.

"Baba..."

"Nimesema usinishukuru, Hester."

Mlango wa nyuma ulifunguliwa. Makonstebo waliingia wakiwa wamebeba kitu kilichofungwa kwa blanketi, wote wawili wakihema. Mmoja alisema walikikuta nyuma ya mbao, bado kikiwa juu ya toroli, na kwamba ni kizito ajabu. Mti tu hauwezi kuwa na uzito ule. Garrod alimgeukia mzee akamsomea onyo la kisheria: halazimiki kusema lolote, na atakalolisema litaandikwa na huenda likatumika mahakamani. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayesikiliza maombi.

"Kiwekeni mezani," alisema. "Kigeuzeni. Hapo pana vigingi viwili vidogo. Visukumeni kutoka nyuma."

Pryke alivisukuma kwa kalamu. Ubao wa mwaloni, wenye unene wa kidole, ulibanduka. Uso wake ulikuwa umepakwa masizi na bia chachu hata ukafanana na mti wa miaka mia tano. Nyuma yake palikuwa pa kijivu. Garrod aligonga kwa ukucha.

"Simenti," alisema.

Kuzunguka simenti, mwaloni ulikuwa tope la kahawia, lenye maji, la kuchotwa kwa kijiko. Harufu yake ilienea jikoni nzima. La kuvunda halina ubani.

"Mguu haukuwa mzima," Pryke alisema polepole. "Ulikuwa umeoza. Lakini basi Bi Hester hana..."

Hakumaliza. Hester alikuwa ameondoa mikono kwenye mabega ya baba yake.

"Nani aliitia simenti hii, mzee?" Garrod aliuliza.

"Mimi. Miaka ishirini na sita sasa."

"Kwa nini?"

"Mguu ulikuwa umeanza kuoza. Dawa yake ni kukata, kuunga mwaloni mpya, kupaka chokaa. Wiki tatu, baa imefungwa. Mimi nilikuwa na siku tano." Kwa mara ya kwanza alimtazama binti yake. "Arusi yako ilikuwa Jumamosi. Ulitaka kucheza pale pale, ndani ya Mganda. Nikasema nitie simenti kwa sasa, Jumatatu nitarudi niifanye kazi kama inavyotakiwa."

"Hukurudi," Garrod alisema.

"Jumatatu baa ilikuwa bado imejaa wageni. Halafu ikaja kazi nyingine. Halafu mwaka. Baada ya mwaka ningesema nini? Nimewafundisha vijana kwamba simenti ni sumu ya mwaloni. Haipumui. Maji yakiingia hayatoki, na mti unaoza kwa ndani huku nje unang'aa. Nimewafukuza wawili kazini kwa kuitumia." Alivuta pumzi. "Kila nilipokwenda kunywa pale, nilikaa nikiipa mgongo nguzo ile."

"Na kinguzo alichokiondoa Hester?"

"Kile? Babu yake Rowland alikisimamisha apate pa kutundika kofia. Hakikubeba kitu. Hata boriti hakikuigusa. Kwa juu paliachwa upenyo wa kupitisha kisu."

"Ulijua hayo tangu lini?"

"Siku zote."

"Siku ya karamu ulijua kilichotokea?"

"Nilijua boriti ikiwa bado inaanguka."

Pryke aliandika.  Garrod aliuliza swali ambalo halikuwa la kazi, na alijua si la kazi.

"Mimi niliandika ripoti ile. Neno lako moja lingenisahihisha."

"Ulipoiandika nilimshukuru Mungu," mzee alisema. "Nilipiga magoti kabisa, pale, kando ya jiko. Ukiniuliza dhambi yangu, ndiyo hiyo. Simenti ilikuwa haraka. Ile haikuwa haraka."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na watu hulisema hilo wakidhani kifo kitakuwa cha mwenye maradhi. Kilikuwa cha Rowland.

"Kwa nini hukuuchoma?" Garrod aliuliza.

"Niliwasha moto mara mbili. Simenti haiungui. Na nilikwisha kuutia alama. Ukishakitia kipande alama umeahidi kukirudisha nyumbani."

Hester alikuwa amesimama karibu na sinki, mgongo umegusa ukuta. Alipozungumza, alizungumza kwa utulivu uliowafanya wote wamgeukie.

"Wiki tano nimelala chumba cha pili. Ulikuwa ukinisikia?"

"Kuta ni nyembamba."

"Uliniletea chai."

"Ndiyo."

"Uliketi kwenye ncha ya kitanda ukaniambia Mungu husamehe watu wasio na subira."

Mzee alikisukuma kikombe chake mbele.

"Alhamisi wangenishtaki. Wangenifunga, baba. Ungesema?"

 Garrod aliomba moyoni mzee aseme ndiyo, hata kama ni uongo, maana uongo huo mmoja angemwachia. Lakini Amos Rix alikuwa amechoka kudanganya.

"Nilikuwa nimeanza kujizoesha kuishi bila wewe," alisema.

Walimchukua saa saba mchana. Mashtaka ya kwanza yalikuwa ya kuiba kielelezo na kupotosha haki. La kifo lingeamuliwa na mwendesha mashtaka. Mzee alipanda gari bila kuangalia nyuma. Pryke alimkingia kichwa kwa mkono asigonge mlango wa gari, akamfunga mkanda.

Garrod alibaki uani na Hester. Alimwambia kwamba Alhamisi atasimama mbele ya hakimu aseme ripoti yake ya kwanza ilikuwa ya uongo, na kwamba yeye ndiye aliyeiandika bila kujua alichokuwa akikiandika. Aliomba radhi. Maneno yalitoka madogo, nao wote wawili waliyasikia yalivyo madogo.

"Sema kwa sauti," Hester alisema. "Walioko nyuma nao wasikie."

Kisha akavaa koti, akashika njia ya bustani ya matofaa kuelekea kwa mama mkwe wake. Baada ya hatua kadhaa alisimama. "Njoo nawe," alisema. "Peke yangu hataniamini."

Mlango wa Winifred Thurlow haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Hester aliusukuma, akasimama kwenye kizingiti, hakuingia. Kutoka hapo kitanda kilionekana, na dirisha, na picha ya Rowland akiwa amevaa jezi ya kriketi.

"Nani huyo?"

"Hester, mama."

 Garrod alisogea ili aonekane, akavua kofia.

"Si mimi niliyemuua Rowland," Hester alisema. "Kinguzo kile kilikuwa cha kofia tu. Nguzo kubwa ilikuwa imeoza, na aliyeiozesha ni baba yangu. Alijua. Amejua siku zote, na jana ndiye aliyeikata." Alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili.

Bibi alimwangalia Garrod. Garrod aliinamisha kichwa kwamba ni kweli.

Mikono ya Winifred iliikunja shali na kuikunjua. Wiki tano alikuwa na mtu wa kumchukia, wa karibu, mwenye uso. Sasa alikuwa amepewa mwingine, mzee mwenzake, aliyeukata mti ule nyuma ya ukuta wake wa fito na udongo, na ambaye jana alikuwa amemheshimu. Garrod alidhani atawafukuza wote wawili.

"Ingia basi, ufunge mlango," Winifred alisema. "Baridi inaingia."

Hester aliingia, akaufunga. Garrod alibaki nje.